Kosa la Kidole: Nani Hulibeba?

Mwishoni mwa mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini kuomba barua. Alitaka nimwombee asiondolewe kwenye orodha ya watahiniwa, kwa kuwa ada yake ilikuwa "njiani". Nilimwuliza njiani wapi. Akaeleza kwamba baba yake mdogo, mkulima wa mahindi huko Songea, alimtumia shilingi 320,000 kwa simu ya kitochi, na katika kuandika namba alipishanisha tarakimu mbili zinazofuatana: penye 45 akaandika 54. Fedha zikaenda Mwanza, kwa mtu wasiyemjua. Walipopiga simu kwenye kampuni walijibiwa, kwa adabu kabisa, kwamba mteja alithibitisha muamala kwa namba yake ya siri, hivyo kosa ni la mteja.

Barua niliandika. Lakini kauli ile, "kosa ni la mteja", ilinikaa kichwani kwa majuma kadhaa, kwa sababu ina historia ndefu kuliko simu zenyewe. Namwomba msomaji anivumilie nianzie mbali, katika Vita vya Pili vya Dunia. Songea nitarudi.

Katika miaka hiyo ya vita, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na tatizo la aibu. Ndege kubwa aina ya B-17, zikiwa zimekwisha kurejea salama na kugusa ardhi, zilikunja magurudumu zingali zikikimbia uwanjani, zikalalia tumbo. Taarifa za uchunguzi zilikuwa fupi: kosa la rubani. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi, maana mkono uliogusa swichi ulikuwa wa rubani kweli. Ndipo mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Wright Field, Ohio, alipokwenda kuzitazama swichi badala ya kuwatazama marubani. Mwaka ulikuwa 1943. Aliona kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kupunguzia kasi zilikuwa jirani, na zilikuwa na umbo moja. Rubani aliyechoka, anayetaka kurudisha vibawa baada ya kutua, alihitaji kuteleza kwa upana wa vidole viwili tu ili aiangushe ndege yake mwenyewe. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa ya kijijini kabisa: kishikio cha magurudumu kipachikwe gurudumu dogo la mpira, na kile cha vibawa kipachikwe kipande chenye umbo la kabari. Hata gizani mkono ungejua umeshika nini. Mpaka leo vishikio hivyo viwili katika ndege hutengenezwa kwa maumbo hayo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1947, Paul Fitts na Richard Jones walikusanya visa 460 vya makosa ya namna hiyo na kuvichambua kimoja kimoja. Kinachonivutia zaidi ni uandishi wao: katika jina lenyewe la ripoti, maneno "kosa la rubani" waliyatia ndani ya alama za kunukuu. Ni alama ndogo, lakini kwa maoni yangu ndipo ilipoanza taaluma ambayo leo tunaiita usanifu wa matumizi. Walikuwa wakisema kwamba kosa linaweza kufanywa na mkono mmoja na kuandaliwa na mkono mwingine, uliokaa mezani miaka kadhaa kabla. Donald Norman, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu vitu vya kila siku, aliongeza jambo ambalo kila mwalimu amewahi kuliona: mtu akishindwa kutumia kitu kilichoundwa vibaya, hujilaumu mwenyewe. Baba mdogo wa Songea naye, kwa maelezo ya mwanafunzi wangu, alisema macho yake yamezeeka.

Sasa tuziangalie zile tarakimu mbili alizozipishanisha. Hapa kuna hadithi ambayo wengi hatukuisikia, na mimi mwenyewe nimeijua ukubwani. Mwaka 1954 mhandisi wa kampuni ya IBM, Hans Peter Luhn, aliwasilisha ombi la hataza ya kifaa kidogo cha kukagua namba. Wazo lake ni kwamba tarakimu ya mwisho ya namba ndefu isiwe ya kubahatisha, bali itokane na hesabu ya zile zilizoitangulia. Ukikosea tarakimu moja yoyote, hesabu inakataa. Ukipishanisha mbili zinazofuatana, hesabu inakataa pia, isipokuwa zikiwa 0 na 9. Kadi za benki duniani kote hutumia hesabu hiyo. Chukua kadi yako, andika namba yake kwenye tovuti ya malipo huku umegeuza 45 kuwa 54, uone: utaambiwa namba si sahihi kabla hata benki haijaulizwa.

Namba ya simu haina ulinzi huo. Haikuwa na sababu ya kuwa nao, kwa kuwa kwa karne nzima adhabu ya kukosea namba ya simu ilikuwa kusikia sauti ngeni na kusema, "samahani, nimekosea." Waliozipanga namba hizo hawakuwa wazembe. Walipanga ulinzi uliolingana na hasara iliyokuwapo.

Kisha ukaja mwaka 2007. Wanaofundisha historia ya usanifu wa vifaa vya mkononi huuanza mwaka huo San Francisco, tarehe 9 Januari, Steve Jobs alipoitoa iPhone mfukoni. Nimepitia mihtasari kadhaa ya masomo ya teknolojia katika vyuo vyetu, na yote huanzia hapo, kana kwamba watu wa huku walikuwa wakisubiri. Miezi miwili tu baadaye, mwezi Machi 2007, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na Aprili 2008 huduma ikafika Tanzania kupitia Vodacom. Mradi huo ulianza na fedha za changamoto kutoka idara ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa, na katika majaribio ya mwaka 2005 lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha waweze kurejesha mikopo kwa simu. Watu wa majaribio wakaugeuza. Wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, kulipana kwa biashara, na kuweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Wabunifu, kwa sifa yao, waliona na wakafuata. Huduma iliyozinduliwa ilikuwa ya kutuma fedha.

Katika mgeuko huo namba ya simu ikawa namba ya akaunti. Huo ulikuwa uamuzi mzuri sana: kila mtu alikwisha kuikariri namba yake, na kadi mpya ingewaacha nje mamilioni. Lakini pamoja na namba hiyo tuliurithi udhaifu wake. Kitu ambacho kukosea kwake kulikuwa "samahani" kikawa kitu ambacho kukosea kwake ni ada ya muhula. Gharama ya kosa ilipanda mara elfu, ulinzi ukabaki ule ule wa enzi za simu ya mezani.

Nani alipaswa kulitazama hilo? Sidhani kuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole. Waliounda menyu walikuwa wakipigania nafasi kwenye kioo chenye mistari michache. Ujumbe wa menyu ya nyota na reli hauzidi herufi 182, na ndani yake unataka kuweka kiasi, namba, tozo, na swali la kuthibitisha. Kikao kina muda wake; ukichelewa kusoma kinakatika, na mtumiaji hubaki hajui fedha zimekwenda au hazijaenda. Mazingira hayo humlazimisha mtu kufanya haraka. Mzee anayesoma kwa kusogeza simu mbali na uso hupewa muda ule ule anaopewa kijana wa miaka ishirini.

Baadaye likaja jibu la pili: jina. Kabla ya kuthibitisha, mtumaji aonyeshwe jina la mpokeaji. Kenya huduma hiyo ilipewa jina la Hakikisha, na kwetu jina hutokea katika hatua ya mwisho ya menyu. Jina ni lile gurudumu la mpira la Chapanis, na limewaokoa wengi. Hata hivyo lina gharama ambayo ni nadra kutajwa. Yeyote mwenye namba yako anaweza kujifanya anakutumia shilingi mia tano, akasoma jina lako kamili, kisha akaghairi. Wanafunzi wa kike wameniambia kwamba hivyo ndivyo wanaume wasiowajua huwatafuta mitandaoni. Kinga ya mtumaji imejengwa kwa faragha ya mpokeaji, na sikumbuki tulipokaa kama jamii tukaulizana kama mabadilishano hayo tunayakubali.

Na kwa nini jina halikumwokoa baba mdogo? Kwa sababu aliliona, na lilikuwa la mwanamke asiyemjua, lakini hilo halikumshtua. Laini ya mwanafunzi wangu imesajiliwa kwa jina la shangazi wa upande wa mama. Wakati usajili kwa alama za vidole ulipofikia ukomo wake, tarehe 20 Januari 2020, yeye alikuwa bado mtoto wa shule. Alipofika umri wa kuwa na laini yake, namba ya NIDA ilikuwa bado haijatoka, shangazi akajitolea. Familia nzima imezoea kuona majina ya watu wengine kwenye miamala yao. Msanifu aliyeweka jina pale alidhani kwamba mwenye laini na mtumiaji wa laini ni mtu mmoja. Angepita mtaa mmoja tu wa Songea angejua sivyo.

Mpaka hapa nimezungumzia makosa yaliyotokana na kutofikiri. Kuna aina ya pili, ambayo mtu amefikiri sana.

Mwaka 2010 ulitoa mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Mwezi Mei, Ethan Marcotte wa Marekani alichapisha makala iliyopendekeza kwamba ukurasa mmoja wa tovuti ujipange upya wenyewe kulingana na upana wa kioo, badala ya kujenga tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Karibu kila tovuti unayoisoma kwa raha kwenye simu leo ni mtoto wa wazo hilo. Mwaka huo huo Mwingereza Harry Brignull alianza kukusanya hadharani mifano ya usanifu wa hila: vitufe vilivyofichwa, visanduku vilivyotiwa alama ya kukubali kabla hujafika, njia ya kuingia iliyo pana na ya kutoka iliyo nyembamba. Elimu ile ile iliyozaliwa Wright Field ili kumkinga mtu na kosa, sasa ilikuwa ikitumiwa kulitega kosa.

Mifano iliyofika mbele ya vyombo vya sheria inatosha. Mwaka 2014 Apple ilikubali kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi wa Marekani. Mzazi alikuwa akiandika nywila mara moja, na kwa dakika 15 zilizofuata mtoto aliweza kununua vitu ndani ya mchezo bila kuulizwa tena. Dakika hizo 15 mtu aliziamua. Mwezi Juni 2023 tume ya biashara ya nchi hiyo iliishtaki Amazon kwa madai kwamba kujitoa katika huduma yake ya Prime kulihitaji kurasa nne, mibonyezo sita na machaguo kumi na matano, ilhali kujiunga kulikuwa rahisi mno. Ndani ya kampuni, kwa mujibu wa mashtaka, njia hiyo ya kujitoa iliitwa Iliad, kwa jina la utenzi mrefu wa Homer kuhusu vita vya Troya. Walijua walichokuwa wakikijenga, na walikuwa na ucheshi wa kukipa jina. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, bila kukiri kosa.

Huku kwetu hila hiyo ilikuja kwa sura ya mkopo. Hadi toleo la sita la mfumo wa Android, lililotoka mwaka 2015, aliyepakua programu aliombwa ruhusa zote kwa mkupuo: kubali vyote au usipakue. Baada ya hapo mfumo ulianza kuuliza ruhusa moja moja, inapohitajika. Wakopeshaji wa mtandaoni walipata njia nyepesi ya kuuzunguka uungwana huo: usipowapa orodha ya watu unaowasiliana nao, mkopo haupiti. Mtu mwenye mgonjwa hospitalini saa nne usiku atabonyeza "ruhusu". Akichelewa kulipa siku mbili, mkwe wake anapokea ujumbe, mchungaji wake anapokea ujumbe, bosi wake anapokea ujumbe. Akilalamika anaambiwa alikubali mwenyewe. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, zikakataza kuingia kwenye orodha ya mawasiliano ya mdaiwa na kuwatumia watu wake ujumbe. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nazipongeza hatua hizo, ila naona zinaikamata programu, huku ile hatua ya kubonyeza ikibaki kama ilivyo. Programu ikifungwa leo, kesho inarudi kwa jina jingine ikiwa na mpangilio ule ule wa vitufe. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya huduma za kidijitali ya mwaka 2022, ulithubutu kuandika kwamba majukwaa ya mtandaoni yasisanifiwe kwa namna ya kumdanganya mtumiaji au kumharibia uwezo wa kuamua kwa uhuru. Kwa hiyo mpangilio wa vitufe unaweza kuwa jambo la kisheria.

Jioni moja nilifanya hesabu kwenye simu yangu mwenyewe, katika huduma ambayo sitaitaja. Kukopa: hatua nne, zote kwenye kioo cha kwanza. Kulalamika kuhusu muamala: hatua kumi na moja, kisha simu iliyonisubirisha kwa muziki hadi salio la subira yangu likaisha. Wanafunzi wangu nimewapa zoezi hilo hilo kwa huduma tano tofauti, na nawashauri wanaharakati walifanye pia. Daftari na kalamu vinatosha.

Kwenu watumishi wa umma nina neno la moja kwa moja, kwa sababu serikali nayo sasa ni msanifu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kwenye kitambulisho zimegawanywa kwa vistari katika mafungu manne, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo jicho lina mahali pa kupumzika. Kwenye fomu nyingi za mtandaoni nilizozijaza, kisanduku ni kimoja, kirefu, bila nafasi, na ukiweka vistari unaambiwa umekosea. Kwa upande mwingine, namba ya malipo ya serikali, inayotumika tangu 2017, ni kazi ninayoisifu bila kusita. Imefungwa na ankara moja yenye kiasi na jina la mlipaji, na ukiikosea, mara nyingi mfumo hauoni ankara yoyote ya kulipa. Kosa linaishia kwenye kioo.

Basi kwa nini baba mdogo hakulipia namba hiyo moja kwa moja? Nilimwuliza mwanafunzi. Alinionyesha kwenye simu yake mfumo wa wanafunzi wa chuo kimoja ninachokifahamu vizuri. Ukurasa wa ada ni jedwali la safu tisa, lililopangwa kwa kioo cha kompyuta. Namba ya malipo iko safu ya nane. Kwenye simu haionekani mpaka uvute jedwali kwenda kushoto kwa kidole, na hakuna alama inayokuambia kwamba kuna kitu upande huo. Mwaka mzima wa kwanza alikuwa akiipata kwa kwenda dirishani kwa mhasibu. Muhula huu alikuwa mazoezini kwa vitendo, mbali na chuo, akaona ni rahisi atumiwe fedha kwanza, kisha amwombe mwenzake aende dirishani. Makala ya Marcotte ina zaidi ya miaka kumi na tano. Nimepeleka jambo hilo kwenye kikao husika, limeingizwa kwenye kumbukumbu.

Fedha, kwa sehemu, zimepatikana. Aliyezipokea ni mama muuza dagaa wa Mwanza, aliyedhani ni zamu yake ya mchezo wa akina mama imewahishwa, akanunua mzigo. Alipopigiwa alishtuka kuliko wao. Alirudisha 200,000 siku ile ile, na zilizobaki anazilipa 20,000 kila mwezi. Kabla ya kutuma humpigia baba mdogo, wakasomeana namba mara mbili, tarakimu moja moja.